Mafunzo endelevu kwa wahudumu wa afya Bujumbura: ugonge mlango gani ukiwa Kinindo au ukiwa kambini

Kama ulikuwa muuguzi Uvira, mkunga Fizi au mpimaji wa maabara Bukavu, na leo unaishi Burundi ukiwa mkimbizi, makala hii ni yako. Ni yako pia kama wewe ni Mrundi unayefanya kazi katika kituo cha afya, na miaka inapita tangu uondoke kwenye benchi la shule. Na kama umechaguliwa na majirani kuwa mhudumu wa afya wa jamii, endelea kusoma, kwa sababu kuna sehemu inayokuhusu moja kwa moja.

Tutaeleza mafunzo endelevu ni nini, yanapatikana wapi, karatasi gani zinatakiwa, na mambo gani ya kujihadhari nayo. Tumemfikiria kwanza msomaji anayeishi Kinindo na katiye jirani za kusini mwa Bujumbura, lakini mengi yanamfaa pia aliye Kinama, Buterere, Musasa au Kavumu.

Kwa nini diploma ya zamani haitoshi

Mtu aliyemaliza shule ya uuguzi mwaka 1999 alifundishwa kutibu malaria kwa klorokwini. Mwaka 2003 Burundi ilianza kutumia mchanganyiko wa artesunate na amodiaquine kama dawa ya kwanza, kwa sababu vimelea vilikuwa vimezoea dawa za zamani. Baadaye nchi ikahamia artemether-lumefantrine. Ni ugonjwa uleule, lakini matibabu yamebadilika zaidi ya mara moja, na kila mara kuna watoto waliopewa dawa isiyofanya kazi kwa sababu tu mhudumu hakuambiwa.

Kuhara ni hivyohivyo. Tangu mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF wanashauri mtoto anayehara apewe chumvichumvi za kurudisha maji mwilini za aina mpya, pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au miligramu 10 kwa mtoto aliye chini ya miezi 6. Ukikutana na mhudumu anayeanza na antibiotiki kwa kila kuhara, jua kwamba hakuna aliyemfikishia habari hiyo, au alifikishiwa akasahau.

Kisha kuna magonjwa yanayokuja yenyewe mlangoni. Tarehe 1 Januari 2023 Burundi ilitangaza mlipuko wa kipindupindu, na maeneo ya Bujumbura yalikuwa miongoni mwa yaliyopigwa mwanzo. Mwezi Machi mwaka huohuo ikatangaza virusi vya polio. Virusi hivyo vilionekana kwa mtoto wa miaka 4 asiyechanjwa katika wilaya ya afya ya Isare, upande wa magharibi mwa nchi, na kwa watoto wengine wawili waliokuwa karibu naye. Zaidi ya miaka 30 ilikuwa imepita bila ugonjwa huo kuonekana nchini. Tafakari maana yake: wauguzi wengi waliokuwa kazini siku ile hawakuwahi kumwona mgonjwa wa polio maisha yao yote. Virusi vilijulikana kwa sababu kuna watu waliofundishwa kwamba mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea mguu au mkono ghafla, huandiki tu dawa ya maumivu ukamrudisha nyumbani. Unachukua sampuli mbili za kinyesi, zikiachana kwa saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu kulegea kuanze, unazitunza kwenye baridi na kuzituma maabara.

Tarehe 25 Julai 2024 ikawa zamu ya mpox, ambayo wengine bado wanaiita homa ya nyani. Wagonjwa watatu wa kwanza walithibitishwa, na ndani ya miezi michache Burundi ikawa nchi ya pili duniani kwa kuathirika, nyuma ya Congo. Katika vituo vya afya swali lilikuwa moja: huyu mtoto mwenye vipele ana tetekuwanga au ana mpox? Tetekuwanga huwasha sana, huanza zaidi kifuani na mgongoni, na vipele vyake huwa vya umri tofauti kwa wakati mmoja: kimoja kinachipuka, kingine kimeshakauka. Katika mpox mara nyingi utaona mitoki imevimba, na vipele vinaweza kufika kwenye viganja na nyayo. Lakini macho peke yake hayatoshi, na mhudumu aliyefundishwa vizuri anajua hilo. Humtenga mgonjwa, hujikinga, huchukua sampuli ya kipele na kungoja jibu la PCR.

Hayo yote hayakuwepo kwenye daftari lako la shule.

Kwanza ujue uko wilaya gani ya afya

Huduma za afya Burundi zinaendeshwa kwa wilaya za afya, na ofisi ya wilaya watu huiita BDS. Bujumbura mjini ina wilaya tatu: Kaskazini, Kati na Kusini. Kinindo, iliyo karibu na Ziwa Tanganyika, iko upande wa Kusini. Zamani Kinindo ilikuwa komine kamili, na wazee bado wanaitaja hivyo. Mwaka 2014 komine za mji zilipunguzwa zikabaki tatu, Kinindo ikaingia Muha. Mwaka 2025 ramani ya utawala ikabadilika tena, provinsi 18 zikawa 5. Kwa hiyo usishangae ukiona karatasi mbili zinazotaja anwani yako kwa majina tofauti. Njia rahisi ni kuingia katika kituo cha afya cha serikali kilicho karibu nawe na kumuuliza mkuu wa kituo: "Ripoti zenu za kila mwezi mnapeleka BDS gani?" Ofisi atakayokutajia ndiyo yako.

Ofisi hiyo ina umuhimu kuliko watu wanavyodhani. Mafunzo mengi ya wauguzi Burundi hayatangazwi redioni wala kubandikwa ukutani. Wizara ya Afya au mradi fulani huandikia BDS barua, na BDS huwaandikia wakuu wa vituo ikiomba majina: mtu mmoja au wawili kutoka kila kituo. Kama jina lako halijulikani hapo, hakuna atakayekutafuta.

Ukiwa Mrundi mwenye ajira, zungumza na mkuu wa kituo chako kabla barua haijafika. Mwambie unachotaka kujifunza, na sababu. Tuseme wazi jambo ambalo kila mtu analijua: katika vituo vingi wanaoitwa semina ni walewale, na sababu moja ni posho ya siku. Anayekaa wodini na wagonjwa habadilishi chochote kichwani mwake, na anayekwenda hotelini kila mwezi wakati mwingine hana hata mgonjwa mmoja mkononi. Kama kituo chenu kina utaratibu wa zamu kwa mafunzo, uandikwe kwenye daftari. Kama hauna, pendekeza kwenye kikao, kwa upole.

Tangu Aprili 2010 nchi nzima inatumia mfumo wa kulipa vituo kulingana na kazi na ubora wake. Wakaguzi hupita, hufungua rejesta na kutoa alama. Muuguzi anayejua kujaza rejesta ya wajawazito na ile ya watoto wachanga huiletea kituo chake fedha. Ni hoja nzuri ya kumpa mkuu wako unapoomba nafasi ya mafunzo.

Taasisi unazoweza kugonga mlango

Institut National de Santé Publique, inayojulikana kama INSP, iko Bujumbura. Inafundisha, inafanya utafiti, na ina maabara ya taifa ambako sampuli za magonjwa ya mlipuko hupimwa. Wakati wa COVID-19 vipimo vilifanyika huko. Kama wewe ni mtu wa maabara, INSP ndiyo mahali pa kwanza pa kuulizia. Burundi iliingia mwaka 2012 katika mtandao wa maabara za afya ya jamii za Afrika Mashariki uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, pamoja na Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Mtandao huo ulileta mafunzo mengi ya ubora wa vipimo na ya kujikinga maabara, na waliopitia humo wanaweza kukuongoza.

Chuo Kikuu cha Burundi kina kitivo cha tiba, na hospitali yake ya kufundishia iko Kamenge, ile ya Roi Khaled. Hope Africa University, iliyohamia Bujumbura kutoka Nairobi mwaka 2003, inafundisha tiba na uuguzi, na wanafunzi wake wa udaktari hufanya mazoezi Kibuye. Kwa walio kaskazini, karibu na kambi ya Musasa, Chuo Kikuu cha Ngozi nacho kina masomo ya afya. Vyuo hivi huuza fomu kwa vipindi maalumu. Uliza mambo matatu kabla hujalipa: programu imetambuliwa na wizara? Masomo yanafanyika jioni au mwishoni mwa wiki ili uendelee na kazi? Na ada inalipwa kwa awamu?

Kuna aina nyingine ya mafunzo inayostahili kujulikana zaidi, nayo ni ya upelelezi wa magonjwa. Wanafunzi wake hawakai darasani mwaka mzima. Katika ngazi ya kwanza, ambayo huchukua kama miezi mitatu, mtu huketi darasani kwa siku chache, kisha hurudi kazini kwake na zoezi la kweli: chukua rejesta za kituo chako, hesabu wagonjwa wa malaria kwa kila wiki, chora mchoro, uone ni wiki gani idadi imeruka na ueleze kwa nini. Mtindo huu wa kujifunza ukifanya kazi ulianza Marekani mwaka 1951. Kenya iliuanzisha mwaka 2004 na Tanzania mwaka 2008. Congo ina wake katika Shule ya Afya ya Jamii ya Kinshasa. Mtandao wa Afrika unaounganisha programu hizi, AFENET, uliundwa mwaka 2005 na makao yake yako Kampala. Mtu binafsi haombi mwenyewe mtandaoni: jina hupitia wizara na wilaya. Ndiyo maana tumeanza na BDS.

Na zoezi lile la rejesta huhitaji kungoja mtu akualike. Daftari, kalamu ya risasi na rejesta za mwaka uliopita zinatosha. Muuguzi anayefika kwenye kikao cha wilaya na mchoro alioutengeneza mwenyewe hukumbukwa.

Kwa mkimbizi: diploma yako kwanza

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Wakongo wengi wana diploma za ngazi tatu: A2 kutoka shule ya sekondari ya tiba (ITM), A1 kutoka chuo cha ufundi wa tiba (ISTM) baada ya miaka mitatu, na A0 baada ya masomo zaidi. Burundi nayo hutumia maneno A2 na A1, lakini kufanana kwa herufi hakumaanishi kwamba karatasi moja inachukua nafasi ya nyingine. Diploma ya nje hupelekwa kwenye tume ya serikali inayolinganisha diploma, na tume hiyo ndiyo huamua yako inalingana na ipi ya Burundi. Bila jibu lake, kituo cha afya hakiwezi kukuajiri kama muuguzi, hata kama mkuu wa kituo anakujua na anakuhitaji.

Watu wengine husema: "Congo iko Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, basi diploma zetu zinakubaliwa." Sivyo. Kuingia katika Jumuiya kulifungua milango mingine, lakini diploma ya uuguzi bado inapitia ulinganisho.

Jihadhari na neno moja linalowachanganya wengi. Katika mfumo wa vyuo vikuu wa Burundi, unaoitwa BMD, "baccalauréat" ni shahada ya kwanza ya chuo kikuu, ya miaka mitatu. Mtu aliyesoma Congo akisikia "bac" anaweza kufikiri ni cheti cha kumaliza sekondari. Tangazo la mafunzo likitaka wenye "bac" ya sayansi za afya, usijaze fomu kabla hujauliza wanamaanisha nini.

Karatasi utakazohitaji kwa kawaida ni hizi: diploma yenyewe au nakala iliyothibitishwa, orodha ya masomo na alama kwa kila mwaka, kitambulisho chako cha mkimbizi au hati ya muomba hifadhi, na picha ndogo. Wengi walikimbia bila chochote. Kama ni hivyo, anza na ulichonacho: kadi ya kazi ya zamani, barua ya kuajiriwa, picha ya diploma iliyobaki kwenye simu ya ndugu, cheti cha semina chenye jina lako. Muulize aliyesoma nawe kama shule bado inafanya kazi na kama rejesta zake zipo. Usimwandikie mtu wa mamlaka huko kwenu bila kushauriana kwanza na ONPRA au UNHCR, hasa kama ulimkimbia mtu wa mamlaka. Usalama wako unatangulia karatasi.

Warundi waliorudi kutoka Tanzania wana shida ya aina yao. Mtu aliyefanya kazi hospitali ya kambi ya Nyarugusu au Nduta ana uzoefu mkubwa, lakini vyeti vyake viko kwa Kiingereza na Kiswahili, na Bujumbura ofisi zinafanya kazi kwa Kifaransa. Tafsiri iliyothibitishwa inagharimu pesa. Tafsirisha kwanza diploma na orodha ya alama. Vyeti vya semina za siku mbili vinaweza kungoja.

Na ujifunze Kifaransa cha kazi. Karibu mafunzo yote ya wauguzi hutolewa kwa Kifaransa, na mgonjwa utamsikiliza kwa Kirundi au Kiswahili. Anayemudu zote tatu ana kitu ambacho vituo vya mji huu vinakihitaji sana.

Wakati unangoja jibu

Ulinganisho unaweza kuchukua muda mrefu. Na majirani hawangoji. Wakishajua kwamba ulikuwa muuguzi, watabisha usiku: mtoto ana homa, mama ana maumivu, mzee ana kidonda. Watu wa nyumbani watakuita muganga, na heshima hiyo ina uzito wake.

Usidunge sindano nyumbani. Usiuze dawa chini ya kitanda. Tunajua sababu za wanaofanya hivyo: kodi ya nyumba, na uchungu wa kuacha kazi uliyoisomea. Lakini mgonjwa akidhurika hutakuwa na wa kukutetea, na kesi moja ya namna hiyo inaweza kuharibu ombi lako la kutambuliwa. Kuna mengi unayoweza kufanya bila kuvunja sheria. Unaweza kutambua dalili za hatari na kumsindikiza mgonjwa kituoni. Unaweza kumfundisha mama kuchanganya maji ya kurudisha nguvu akikosa pakiti: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote kwa kipimo bapa. Unaweza kumkumbusha kwamba Burundi ilitangaza mwaka 2006 matibabu ya bure kwa watoto chini ya miaka 5 na kwa kina mama wanaojifungua, ili aulize kituoni badala ya kukaa nyumbani kwa hofu ya gharama. Na ukiona watu wawili wa nyumba moja wanahara maji kama ya mchele, mwambie mhudumu wa afya wa jamii saa hiyohiyo.

Huyo mhudumu wa jamii, ambaye kwa Kirundi huitwa umuremeshakiyago, anachaguliwa na wakazi wenzake na hufanya kazi kwa kujitolea chini ya kituo cha afya. Katika baadhi ya maeneo amefundishwa kupima malaria kwa kipimo cha haraka na kuwapa watoto dawa nyumbani. Kambini, wakimbizi wenyewe hufanya kazi ya namna hiyo kwa motisha ndogo ya kila mwezi. Muuguzi mwenye A1 anaweza kuona kazi hii iko chini yake. Sisi tunaona tofauti: inakuweka ndani ya mafunzo ya kituo, inakupa barua ya utumishi, na mikono haisahau kazi. Wenyeji nao wanafaidika, maana kipindupindu hakiulizi kitambulisho.

Kusoma kwa simu

WHO ilianzisha jukwaa la mafunzo ya bure la OpenWHO mwaka 2017, na wakati wa COVID-19 baadhi ya masomo yake yalitolewa hata kwa Kiswahili. Desemba 2024 shirika hilo lilizindua pia Chuo chake cha mafunzo huko Lyon, Ufaransa, chenye masomo mtandaoni. Kaya ni jukwaa jingine la bure, la kazi za kibinadamu. The Geneva Learning Foundation huwakutanisha wahudumu wa chanjo na wa afya kwa Kifaransa na Kiingereza, na Wakongo wengi wameshiriki. Kuhusu ufuatiliaji wa magonjwa, tafuta masomo ya mwongozo wa WHO kwa Afrika, toleo la tatu la mwaka 2019. Huo ndio mpangilio ambao wilaya hufuata.

Tatizo ni mega. Video moja inaweza kumaliza kifurushi cha wiki. Pakua maandishi ya PDF badala ya video, fanya hivyo mahali penye Wi-Fi, na usome baadaye bila intaneti. Mkiwa watano, simu moja nzuri inatosha: mmoja anapakua, wengine wananakili, mnakutana saa moja kila Jumapili na kila mtu anafundisha sura moja. Kenya ilifanya jambo kama hilo kwa mpangilio mkubwa zaidi. Kuanzia mwaka 2005, AMREF na Baraza la Wauguzi la Kenya waliweka masomo ya kompyuta kwa ajili ya wauguzi wa cheti waliotaka kupanda hadi diploma. Maelfu walisoma bila kuacha wodi zao, wengi wakiwa mbali na Nairobi. Na katika kambi ya Kakuma, InZone ya Chuo Kikuu cha Geneva imewahi kuendesha mafunzo ya msingi ya tiba kwa wakimbizi, mwalimu akiwa ng'ambo na msaidizi akiwa pamoja nao darasani. Masomo ya peke yako kwenye simu, bila mtu wa kukuuliza umefika wapi, wengi huyaacha katikati.

Cheti cha mtandaoni kina thamani gani? Hakikufanyi muuguzi. Hakuna cheti cha saa nne kinachochukua nafasi ya diploma, na anayekuambia vingine anakudanganya. Lakini kinaonyesha kwamba hukulala. Angalia pia aina yake: cha kushiriki hutolewa kwa aliyefungua kurasa, cha kufaulu hutolewa kwa aliyejibu mtihani. Chapisha cha pili.

Jambo moja kuhusu makundi ya WhatsApp ya wauguzi. Ni darasa zuri. Lakini picha ya mgonjwa mwenye vipele haipelekwi humo, hata ukifunika uso, kwa sababu katika katiye moja watu hutambuana kwa shati au kwa ukuta wa nyumba. Eleza kwa maneno: umri, siku ngapi, vipele viko wapi.

Pesa na matapeli

Kupendekezwa kwa semina ya wizara hakulipiwi. Huduma za UNHCR na washirika wake hazilipiwi pia, zikiwemo barua na ushauri wa masomo. Mtu akikuomba "kidogo cha mafuta" ili aweke jina lako kwenye orodha, kataa na utoe taarifa. Kuna pia wanaouza vyeti vyenye nembo ya WHO. Vyeti vya kweli vya majukwaa ya bure unavipata mwenyewe ukimaliza somo.

Kwa mkimbizi kijana anayetaka shahada ya kwanza, ufadhili wa DAFI upo tangu mwaka 1992 na ulizaliwa kwa msaada wa Ujerumani. Nafasi ni chache na ushindani ni mkali, na tarehe hutangazwa na UNHCR. Haukusudiwi kwa semina fupi. Kuhusu miradi mingine, uliza kila mara kama bado inaendelea: mwaka 2025 Marekani ilipofunga shirika lake la USAID, kazi nyingi za afya zilizotegemea fedha zake zilisimama, na matangazo ya zamani bado yanazunguka kwenye simu.

Kama uko kambini

Kambi za Burundi ziko mbali na mji mkuu wa biashara: Gasorwe upande wa Muyinga, Musasa upande wa Ngozi, Bwagiriza na Nyankanda upande wa Ruyigi, Kavumu upande wa Cankuzo, na Musenyi, iliyofunguliwa mwaka 2024, upande wa Rutana. Ukiitwa kwenye mafunzo Bujumbura unahitaji ruhusa ya kutoka kambini. Omba barua ya mwaliko yenye tarehe ya kuanza na kumaliza, jina la mwandaaji na mahali pa kulala, uipeleke ofisi ya ONPRA kambini mapema, si siku ya kusafiri. Weka nakala moja, piga picha nyingine kwa simu. Waulize waandaaji kama nauli inalipwa kabla au baada, maana wengi hurudisha pesa mwishoni kwa kuonyesha tiketi, na asiye na cha kuanzia hubaki. Ikiwa huna nauli, mwambie mkuu wa kituo cha afya cha kambi siku ileile unapopata mwaliko, ili shirika linaloendesha kituo lipate muda wa kukutafutia nafasi katika gari lake au kuomba mafunzo hayo yaletwe kambini.